Bei ya Haki ya Chakula: Swali la Maadili kutoka Karatu na Ngorongoro

Bei ya haki ya chakula ni miongoni mwa maswali ya kale ya dini na falsafa. Mwenye njaa hawezi kungoja, na mwenye chakula anajua hivyo. Ndiyo sababu Torati, Manabii, Qurani na wanazuoni wa Uislamu na Ukristo wamerudi tena na tena kwenye mizani, kibaba na ghala. Swali lina pande mbili. Upande wa kwanza unamhusu muuzaji: je, anaruhusiwa kupokea kiasi chochote ambacho mnunuzi yuko radhi kukitoa? Upande wa pili unamhusu mnunuzi: je, anayetafuta chakula kizuri kwa bei nafuu anatafuta haki yake tu, au yapo mazingira ambamo unafuu wake ni haki ya mwingine iliyochukuliwa?

Mji wa Karatu na eneo la Ngorongoro hulionyesha swali hili waziwazi, kwa sababu watu wenye vipato vinavyotofautiana mno hukutana hapo kununua chakula kilekile.

Mahali na chakula chake

Karatu iko mkoani Arusha, takribani kilomita 140 magharibi mwa Jiji la Arusha, kwenye barabara ya lami inayopita Makuyuni na Mto wa Mbu hadi Lango la Lodoare, ambalo ndilo mlango wa Ngorongoro. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, watu wa kilimo na mifugo. Wapo pia Wadatoga, Wamasai, Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, na wafanyabiashara waliohamia kutoka mikoa mingine. Mashamba ya wilaya hii hutoa mahindi, ngano, maharage, mbaazi, ngwara na kahawa ya miteremko ya Oldeani. Bonde la Eyasi, hasa Mang'ola, hutoa vitunguu vinavyomwagiliwa kwa maji ya chemchemi. Mchele na ndizi hupanda kutoka Mto wa Mbu.

Chakula kilichopikwa hupatikana kwa ngazi. Ngazi ya chini kwa bei ni ya mama lishe, anayeuza ugali au wali kwa maharage, mboga za majani, dagaa au kipande cha nyama. Juu yake ipo migahawa ya kando ya barabara kuu, yenye supu na chapati asubuhi, pilau, kuku na chipsi mayai hadi usiku. Siku ya mnada wa kila mwezi, unaojulikana kwa tarehe yake ya 7, nyama choma huuzwa karibu na zizi la ng'ombe na mbuzi wanaonadiwa. Ngazi ya juu ni hoteli na loji za watalii, ambako mlo mara nyingi umekwisha kulipiwa ndani ya gharama ya safari nzima. Asiyetaka kupikiwa huenda sokoni, ambako nyanya hupangwa kwa fungu, maharage hupimwa kwa sado, na mahindi kwa debe au gunia.

Kwa hiyo mtalii, dereva wake, mwanafunzi na kibarua wa shamba la kahawa wanaweza kula maharage ya shamba moja kwa bei zilizopishana mara nyingi. Tofauti hiyo peke yake haithibitishi dhuluma. Loji hulipa mishahara, kodi, jenereta na usafiri, na mlaji wake analipia pia utulivu na mandhari. Swali la haki huanza pale sahani ileile, kwenye meza ileile, inapokuwa na bei mbili. Au pale bei moja inapoonekana nzuri kwa sababu aliyeibeba gharama hayupo mezani.

Je, ridhaa inatosha?

Jibu jepesi ni kwamba bei ni makubaliano: aliyeuza ameridhika, aliyenunua ameridhika, na hakuna wa tatu wa kuuliza. Hoja hii ina nguvu, maana biashara bila ridhaa ni unyang'anyi. Hata hivyo, Uislamu na Ukristo vimekataa kuishia hapo.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia katika *Ihya Ulum al-Din* kisa cha Yunus ibn Ubayd, mfanyabiashara wa nguo wa Basra. Dukani kwake kulikuwa na mavazi ya dirhamu 200 na mengine ya dirhamu 400. Alipokwenda kuswali alimwacha mpwa wake dukani. Akaja bedui akataka vazi la 400. Kijana akampa la 200, bedui akalipenda, akalipa 400 na kuondoka. Yunus alikutana naye njiani, akalitambua vazi, akamwambia thamani yake haizidi 200. Bedui akajibu kwamba kwao lingeuzwa 500 na kwamba ameridhika. Yunus hakuridhika. Alimrudisha dukani, akampa dirhamu 200 zake, na kumkemea mpwa wake.

Karne saba kabla ya al-Ghazali, Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alitaja kisa cha upande wa pili. Mtu mmoja aliletewa kitabu na muuzaji asiyejua thamani ya alichoshika, aliyekuwa akiomba fedha kidogo sana. Mnunuzi alimlipa bei ya haki, iliyokuwa kubwa zaidi kwa mbali, ingawa muuzaji hakuitarajia.

Ukivisoma pamoja, visa hivi vinafundisha jambo moja. Katika kila kimoja ridhaa ilikuwepo. Kilichokosekana ni ujuzi wa upande mmoja. Yunus na yule mnunuzi walikataa kupata faida inayotokana na kutojua kwa mwenzao. Hivyo wajibu wa bei ya haki haumwelemei muuzaji peke yake. Unamwangukia yeyote mwenye kujua anaposhughulika na asiyejua.

Wanazuoni walitofautiana kuhusu uzito wa wajibu huo. Al-Ghazali alikiweka kisa cha Yunus katika mlango wa ihsani, yaani wema unaozidi haki tupu. Wanasheria wa madhehebu ya Maliki na Hanbali walikwenda mbele zaidi kwa mnunuzi asiyejua bei za soko na ambaye amejikabidhi kwa uaminifu wa muuzaji: akipunjwa kupita kiasi, ana hiari ya kuvunja mauzo. Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba kuuza kitu kwa zaidi ya thamani yake ni dhuluma yenyewe. Aliongeza kanuni inayogusa chakula moja kwa moja. Muuzaji akipata hasara kwa kuachana na mali yake, anaweza kudai fidia ya hasara hiyo katika bei. Lakini kama ongezeko la thamani linatokana na shida ya mnunuzi tu, muuzaji hawezi kuliuza, kwa sababu shida hiyo si mali yake.

Kutokana na mafundisho haya zinapatikana alama mbili za bei ya haki: pande zote ziwe na uwezo wa kujua, na pande zote ziwe na uwezo wa kukataa. Pale uwezo mmojawapo unapokosekana, ridhaa hupungua maana, na mwenye nguvu huwa mdhamini wa asiye nayo.

Bei ya mgeni

Miji ya njia ya watalii inaijua desturi ya kumtajia mgeni bei kubwa kuliko ya mwenyeji. Utetezi wake si wa kupuuzwa. Mgeni amelipa fedha nyingi kufika Ngorongoro, na shilingi elfu kadhaa hazimuumizi. Kwa muuzaji, fedha hizo ni daftari na sare za mtoto. Tena Serikali yenyewe hutoza viingilio viwili: raia hulipia Ngorongoro kwa shilingi, na mgeni wa nje hulipa kwa kiwango cha dola kilicho juu mara nyingi zaidi.

Hoja hiyo inadhoofika ikichunguzwa. Kiingilio cha hifadhi kimetangazwa. Mgeni anakijua kabla ya kuanza safari na anaweza kuamua kutokuja. Raia naye amekwisha kuichangia hifadhi kwa kodi, na wakazi wa jirani wameichangia kwa ardhi na malisho. Sahani ya wali haina msingi wa namna hiyo, na bei yake ya pili hufaulu kwa sababu tu mlipaji haijui ya kwanza.

Jambo la pili ni kwamba utajiri haupimwi kwa uso. Desturi ya kutaja bei kwa kutazama ngozi au kusikiliza lafudhi humkamata Mtanzania mwenye asili ya Asia, mwanafunzi wa kujitolea asiye na kipato, na hata mgeni kutoka mkoa mwingine wa nchi hii. Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Umaskini wa muuzaji unaweza kuzaa dai la kweli kwa mwenye nacho, lakini dai hilo ni la msaada. Msaada hutolewa na mtu anayejua kwamba anatoa. Kuuficha ndani ya bei ni kumnyima mtoaji thawabu yake na kumnyima mpokeaji heshima ya kazi yake, kwa kuwa chakula chake kilistahili kununuliwa kwa thamani yake chenyewe.

Kupatana bei hakuingii katika lawama hii. Mapatano ya sokoni ni njia ya pande mbili kujuzana: mnunuzi hujifunza mavuno ya wiki hiyo, muuzaji hujifunza haja ya mnunuzi. Lawama inaanza pale bei ya kuanzia inapokuwa mtego kwa mtu asiyejua kwamba anatarajiwa kupatana.

Kwa kipimo hiki, banda la mama lishe mara nyingi ndilo lenye haki iliyo wazi kuliko kwingine. Bei ya sahani ni moja, inajulikana na kila dereva na kila bodaboda, na huulizwa kabla ya kukaa. Wateja wengi wa kila siku humdhibiti muuzaji kuliko mkaguzi yeyote. Wingi huohuo huhakikisha chakula hakilali: sufuria inayomalizika mchana haina kiporo cha jioni. Ubora nao ni sehemu ya bei. Mtume Muhammad, kwa mujibu wa hadithi iliyomo katika *Sahih Muslim*, alipita penye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani na kukuta unyevu uliofichwa na nafaka kavu ya juu. Aliuliza kwa nini iliyolowa haikuwekwa juu ionekane, akamkana mwenye kudanganya. Chakula kilichofunikwa vizuri, maji ya kunawa yanayotiririka na mafuta yasiyorudiwa siku nyingi ni sehemu ya ukweli ambao mlaji amelipia.

Unafuu na wanaoubeba

Mnunuzi naye ana majaribu yake. Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayekiponda kitu akiwa mbele ya muuzaji, kisha akiondoka anajisifu. Tabia hiyo ipo kwa mwenyeji na kwa mgeni, na huonekana hasa kwa msafiri wa bajeti ndogo anayehesabu kila punguzo kuwa ushindi.

Bei ya sahani ya mama lishe ina vitu vingi ndani yake: mkaa au kuni, mafuta, maji, kodi ya banda, ushuru, na kazi inayoanza kabla ya alfajiri. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo isiyohesabiwa kwa urahisi, maana mpishi hujilipa kwa kinachobaki. Bei ikisukumwa chini ya gharama, tofauti haipotei. Hulipwa na mlaji kwa kipimo kidogo na mafuta yaliyochoka, au na binti msaidizi anayefanya kazi kwa ujira wa chakula tu. Akwino alisema hasara ya muuzaji ni sababu halali ya kupandisha bei. Kwa kanuni hiyohiyo, mnunuzi anayemlazimisha muuzaji kuuza kwa hasara anachukua kisicho chake.

Nyuma ya mpishi yupo mkulima. Mang'ola inatoa mfano unaojulikana na wengi: lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa kilemba kwa wavu na kamba, na mkulima hulipwa kama aliyeuza gunia moja. Mfanyabiashara akifika mjini huuza vitunguu hivyohivyo kwa kilo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imeweka kilo 100 kuwa ukomo wa gunia la mazao, na Wakala wa Vipimo husimamia sheria hiyo. Hata hivyo lumbesa imedumu, kwa kuwa mkulima mwenye vitunguu vinavyoanza kuoza hana muda wa kubishana.

Maandiko yanaitambua hali hii kwa undani wa kushangaza. Kumbukumbu la Torati 25 linakataza kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Nabii Amosi aliwalaumu waliopunguza kibaba na kuongeza uzito wa fedha. Sura ya 83 ya Qurani imepewa jina la wapunjaji, wale wanaopokea kipimo kamili na kutoa pungufu. Lumbesa ni dhambi hiyohiyo: kipimo kikubwa cha kununulia, kidogo cha kuuzia. Mtume alikataza pia kuulaki msafara wa wenye mazao nje ya mji kabla haujafika sokoni na kuijua bei. Dalali anayemfuata mkulima shambani akijua bei ya Arusha, huku mkulima haijui, amesimama mahali palepale palipokatazwa. Simu ya mkononi imepunguza giza hilo, maana mkulima anaweza kumpigia jamaa yake aliye mjini, lakini haijaondoa haraka inayomlazimisha kuuza.

Ndani ya Ngorongoro

Swali huwa zito zaidi ndani ya hifadhi. Eneo la Ngorongoro, lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 8,300, lilitengwa na Serengeti mwaka 1959, wanyamapori na wafugaji wakiendelea kuishi pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena kwa kiasi mwaka 1992, kisha kikasimamishwa upya mwaka 2009. Matokeo yake ni kwamba mkazi wa Endulen au Nainokanoka hununua karibu nafaka yote anayokula. Mahindi hupanda kutoka Karatu, na mifugo huteremka kwenda minadani kulipia mahindi.

Biashara hiyo hufanya kazi mvua zikiwa njema. Wakati wa ukame bei mbili huachana: ng'ombe hukonda na thamani yake kushuka, na mahindi hupanda bei wakati huohuo. Mfugaji anajua bei zote mbili vizuri, ila hawezi kukataa. Hapa alama ya pili ya haki, uwezo wa kukataa, ndiyo iliyovunjika. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwahamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni, ikisema wanaohama ni wale walioridhia. Baadhi ya wakazi na watetezi wa haki za binadamu wamelipinga zoezi hilo. Hukumu yoyote juu ya ridhaa hiyo haiwezi kuukwepa ukweli kwamba mtu asiyeruhusiwa kulima huamua akiwa na chakula mawazoni.

Cicero, katika kitabu chake cha mwaka 44 kabla ya Kristo kuhusu wajibu, aliuliza kuhusu mfanyabiashara aliyefikisha nafaka kisiwani Rodo wakati wa njaa akijua kwamba meli nyingine ziko njiani: je, awaambie wenye njaa? Cicero alijibu kwamba lazima awaambie. Akwino alijibu kwamba haki tupu haimlazimishi, ila akisema ametenda wema mkubwa zaidi. Mwenye lori la mahindi anayepanda kuelekea Endulen mwezi wa ukame yumo katika swali hilohilo. Anastahili kulipwa mafuta, matairi, hatari ya barabara na faida ya kazi yake. Kinachozidi hapo kinatoka katika njaa ya wengine.

Serikali na bei

Je, basi, dola ipange bei? Mtume aliombwa kufanya hivyo Madina bei zilipopanda, akakataa, akihofia kukutana na Mola huku mtu akimdai dhuluma. Madhehebu ya Shafi'i, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yameshika msimamo huo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliweka tofauti: bei ikipanda kwa uhaba wa kweli, kuipanga ni dhuluma, ikipanda kwa sababu wauzaji wamekula njama au wamefungia chakula wanachokihitaji watu, kuipanga ni uadilifu.

Historia ya Tanzania inaiunga mkono tofauti hiyo. Mwaka 1973 nchi ilitunga sheria ya kudhibiti bei na kuunda tume ya kuisimamia. Nia ilikuwa kumlinda mlaji, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zilikuwa zimetoweka madukani na ulanguzi umeenea, hadi mwaka 1983 Serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaendesha kampeni ya kitaifa dhidi ya walanguzi. Udhibiti ulilegezwa katika miaka iliyofuata. Uzoefu huo unaonyesha kwamba bei iliyoandikwa haileti unga uliokosekana. Unaonyesha pia kazi ambayo dola haiwezi kuliachia soko: kusimamia mizani, kukomesha lumbesa, kutangaza bei ili kila mtu azijue, na kuweka akiba ya nafaka kwa wasio na uwezo wa kukataa.

Hukumu

Bei ya haki ya chakula haiko katika tarakimu moja. Iko pale anayelipa na anayelipwa wanapojua na wanapoweza kukataa, na pale ambapo bei ingeweza kutajwa bila aibu mbele ya mlaji, mpishi na mkulima wakiwa pamoja. Chakula cha bei ndogo kinachoshindwa jaribio hilo ni ghali, ila mlipaji wake ni mtu mwingine.

Anayetafuta mahali pazuri pa kula au kununua chakula Karatu na aulize bei kabla ya kukaa, ale wanapokula wengi wa mji, anunue kwa mizani palipo na mizani, na asimpunguzie mpishi chini ya gharama yake. Muuzaji naye amtajie mgeni bei anayomtajia jirani. Mgeni akitaka kuongeza, aongeze kwa hiari na kwa jina lake halisi, yaani zawadi.